Usiutoe ule mlango, mwanangu

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako nimeisoma usiku, asubuhi nikairudia tena. Unaniuliza, mama, kwenye hiki kitabu cha watoto kuhusu nyambizi ya Squalus, nikiweka kipande cha yule fundi umeme aliyefunga mlango wenzake wakiwa bado upande wa nyuma si nitawatisha watoto, bora nikitoe?

Usikitoe.

Unakumbuka ajali ya treni ya Igandu, Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikaenda kugonga ya mizigo, watu zaidi ya 200 wakafa. Nilikuwa nafundisha darasa la nne kipindi hicho. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, kwani kwa nini haikusimama? Mi nikamwambia nyamaza tuwaombee marehemu. Alikaa chini, na wiki nzima hakuuliza kitu tena, hata hesabu. Linaniuma mpaka leo, maana yule mtoto habari ya vifo alishaisikia nyumbani, alichotaka kwangu ni kujua ilikuwaje.

Kwa hiyo wewe waambie ilikuwaje. Mei 23, 1939, bahari ya New Hampshire huko Marekani, nyambizi mpya iko kwenye majaribio, ina watu 59. Taa za ubaoni zinaonyesha kila kitu kimefungwa, kumbe ile vali kubwa ya kupeleka hewa kwenye injini iko wazi, maji yakaingia vyumba vya nyuma. Lloyd Maness yuko mlangoni, akawapitisha waliowahi halafu akauvuta ule mlango mzito wa chuma akaufunga. Nyuma walikufa 26, mbele wakabaki 33. Ukiutoa mlango, hao 33 watoto hawataelewa wamepona vipi, wataona kama bahati tu. Na usimpambe Maness wala usimhukumu, andika alichofanya basi.

Halafu hiyo futi 243, kina ilipozama nyambizi, ibadilishe, mtoto wa huku hana habari na futi. Andika mita 74 hivi, ukitoka goli moja la uwanja wa Jamhuri unakaribia robo tatu ya njia kwenda goli la pili, sasa ausimamishe uwanja wima aujaze maji.

Ila sehemu ya kukaa nayo sana ni ile kengele ya uokoaji, rasimu yako umeipa mistari miwili tu na mi naona hapo ndipo kitabu kilipo! Jana nilimuita mjukuu wangu nyuma ya nyumba, beseni la maji, glasi, nikakunja karatasi nikaibana ndani kabisa ya glasi, nikaigeuza mdomo chini nikaizamisha wima mpaka mkono ukaloa kwenye kiwiko. Kuitoa, karatasi kavu. Akaishika, akainusa, akasema bibi rudia, tukarudia mara nne. Ndo nikamwambia, sasa fikiria glasi ya chuma ambayo watu wanaingia, inajivuta na kebo mpaka juu ya mlango wa nyambizi, hewa inasukuma maji ya chini yatoke, bahari yenyewe inaikandamiza hapo isichomoke, mlango unafunguliwa. Walitoka 7, kisha 9, kisha 9, mwisho 8, na safari hiyo ya mwisho kebo ya kujivutia ikakwama, na ile ya kuipandisha ikaanza kuchanika nyuzi, ikabidi waivute kwa mikono, wamefika juu saa sita usiku imeshapita. Hizo namba nne zipange kwenye kurasa nne, mtoto ajumlishe mwenyewe.

Na uweke kwamba walirudi safari ya tano, kwenye mlango wa nyuma, wakakuta maji tu. Hilo liandike kwa sentensi fupi.

Nyambizi Thetis ya Waingereza, ile iliyozama Juni 1 mwaka huohuo wakafa 99, mi ningeiacha, kitabu kitakuwa kizito na hawa wako watapotea katikati.

Tulipomaliza na beseni nilimsomea mjukuu ukurasa wako wa mlango kama ulivyo, sikuruka neno. Alinyamaza kidogo, akauliza, na huyo wa mlango alitoka? Nikamwambia ndiyo, ni mmoja wa wale 33. Kwenye rasimu yako hujaandika popote.

Mama yako