Mdogo wetu ana ulemavu wa akili na anataka kuoa: idhini ni ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mdogo wetu ana miaka 28, alizaliwa na ulemavu wa akili. Anaswali, anafunga, anauza dukani ila hesabu kubwa humshinda. Baba na babu wameshafariki. Amepata mchumba aliyeridhia, lakini kaka zangu wanasema hana akili, asiozwe, na fungu lake la mirathi ya baba walishike wao. Tuko Mombasa.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Akili nzito si wazimu, na kuvichanganya viwili hivi kumewadhulumu wengi. Hadithi ya kalamu kuinuliwa, yaani mtu kutoandikiwa dhambi, inamtaja mwendawazimu. Mdogo wenu anaijua sala na saumu yake, kinachomlemea ni mali. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, mtu kama huyu huoa kwa idhini ya walii wake, yaani mwenye mamlaka juu yake kisheria: baba, kisha babu mzaa baba, kisha kadhi. Kaka hayumo kabisa. Kwa hiyo kaka zako hawana idhini ya kumpa wala ya kumnyima.

Nendeni naye Mahakama ya Kadhi, ambayo ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa ndoa na mirathi ya Waislamu. Kadhi amuulize peke yake, kwa maneno mepesi: mke ana haki gani, atamlisha kwa nini, mahari ni nini. Msimjibie! Sauti ya dada haithibitishi ridhaa ya bwana harusi. Mahari isizidi mahari ya mithili, yaani wanayoolewa nayo wanawake wa ukoo wa binti walio kama yeye, ziada haimlazimu. Itoke katika mali yake mwenyewe, na nafaka, yaani matumizi ya mke, vivyo hivyo. Binti na walii wake waelezwe hali yake yote kabla ya akidi, yaani kufunga ndoa, pamoja na dawa kama anatumia. Kuficha ni kughushi.

Mirathi je? Kinachomzuia mtu kurithi ni kuua, tofauti ya dini na utumwa; ulemavu haumo. Mathalani baba ameacha mke, wana wa kiume 3 na mabinti 2: mke hupata thumni (moja ya nane), kilichobaki hugawanywa mafungu 8, na ya mdogo wenu ni 2 kamili, sawa na kila kaka. Kadhi ateue msimamizi, naye aandike kila shilingi inayotoka. Sura ya Nisaa, aya ya 5, inaamuru wasioweza kusimamia mali walishwe na kuvishwa kwa mali hiyo, tena waambiwe maneno mema.

Akishaoa, talaka ni yake peke yake. Hakuna ndugu awezaye kuitamka kwa niaba yake, hata wanandoa wakigombana.

Wallahu aalam.