Kiharusi na vimishipa vyembamba vya ubongo: maswali yenu

Baba aliamka mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Jana yake alilima vizuri tu. Kiharusi huja ghafla hivyo? (Tanga)

Pole sana. Dalili ndizo huja ghafla. Mshipa huwa umeanza kuharibika miaka mingi nyuma. Ndani kabisa ya ubongo kuna vimishipa vya damu ambavyo vingi havifiki hata milimita moja kwa upana, navyo vimechipuka moja kwa moja kwenye mishipa mikubwa. Presha ikikaa juu, kishindo chote vinakipokea vyenyewe. Kuta zake zinakuwa nene na ngumu, njia inabana, mwisho inaziba. Kisukari na sigara huongeza uharibifu huo. Na vimishipa hivi karibu havina njia ya pembeni ya kupitisha damu: kimoja kikiziba, sehemu iliyokitegemea inakufa, inabaki kishimo kisichozidi sentimita moja na nusu. Kishimo hicho kikitokea upande wa kushoto, palipo na nyuzi za kuendesha viungo, mkono na mguu wa kulia hulegea. Takribani robo ya viharusi vya kuziba mshipa ni vya namna hii.

Majirani wanasema mgonjwa wetu wa kiharusi katupiwa jini, tuanze kwa mganga. (Pwani)

Hapana, nawasihi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hata pale isipopatikana, picha ya ubongo ni lazima, kwa sababu kimishipa kilekile kilichochakaa kinaweza kupasuka badala ya kuziba. Kwa hiyo msimpe aspirini nyumbani. Kama anavuja damu, mtamwongezea hatari. Dua someni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nina presha 160/100 ila siumwi popote. Dawa za kila siku za nini? (Mombasa)

Vimishipa hivi vinaharibika bila kuuma. Vishimo vingine havioneshi dalili yoyote, lakini vikiongezeka mtu anakuwa mzito wa kufikiri, hatua zinafupika, anasahau. Nyumbani wanasema ni uzee, nami huumia nikisikia hivyo, maana wengi wao walikuwa na dawa kabatini. Endelea kumeza, punguza chumvi, pima tena. Daktari wako atataka ishuke chini ya 140/90, pengine zaidi.

Kitunguu saumu je? (Morogoro)

Tia kwenye mboga. Dawa ya presha usiiache.