Haja ya elimu ya lishe na mazoezi shuleni ipo

Mkuu, umeuliza kama shule zinahitaji kweli kufundisha zaidi lishe na mazoezi, au hiyo ni kazi ya wazazi. Kwangu haja ipo, tena kubwa. Simama nje ya geti la shule ya msingi hapa Dar wakati wa mapumziko: chipsi, ubuyu wa rangi, juisi za unga. Mtoto ana mia tano yake mkononi na anaamua mwenyewe, mzazi hayupo. Elimu imkute hapo. Na isiwe ya kukariri makundi ya vyakula kwa ajili ya mtihani. Aelezwe kwamba chai ikinywewa pamoja na maharage hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayafyonza kutoka kwenye maharage hayo, ila chungwa huyaongeza. Hilo halihitaji bajeti.

Mazoezi ndiyo yananiuma zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17, lakini mitihani ikikaribia kipindi cha michezo hugeuzwa hisabati. UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, huchukua wenye vipaji, wengine wanabaki watazamaji. Kabla ya kudai mtaala mpya, ulizeni kwenye kikao cha wazazi kama vipindi vya michezo vilivyomo kwenye ratiba vinafanyika.