Yanayozama na Yanayoelea: Maswali Yenu Wiki Hii

*Shikamoo mwalimu. Baba akichagua mbegu za mpunga hutia chumvi kwenye ndoo ya maji, kisha anaweka yai. Yai ni la nini? (Mwanafunzi, Kyela)*

Marahaba mwanangu. Yai ndiyo mizani ya baba. Yai bichi jipya kwenye maji matupu huzama na kulala chini. Koroga chumvi kidogo kidogo, utaliona linainuka mpaka sehemu ya ganda, upana wa sarafu, inachungulia juu. Hapo maji yamekuwa mazito ya kutosha. Litoe, mwaga mbegu, koroga. Mapepe, yaani punje tupu, na punje zilizojaa nusu zitaelea, zilizoshiba zitazama. Engua ya juu, na zile za chini zisuuze vizuri kwa maji safi, maana chumvi ikibaki huharibu uotaji.

Ila mwambie baba asitumie yai la siku nyingi. Yai likikaa, unyevu hutoka kupitia vitundu vya ganda na hewa inachukua nafasi. Yai la namna hiyo huelea hata chumvi ikiwa haitoshi, nawe utapanda mapepe ukidhani ni mbegu. Lijaribu kwanza kwenye maji matupu. Likisimama wima, tafuta jingine.

*Mbona msumari unazama, meli ya chuma haizami? (Mwanjelwa, Mbeya)*

Chuma ni kizito karibu mara 8 ya maji ya ujazo uleule, hivyo msumari hauna pa kushikiliwa. Meli kama MV Mbeya II ya Ziwa Nyasa ina tumbo pana lenye hewa. Hushuka majini hadi uzito wa maji iliyoyasukuma ulingane na wake na mizigo yake, kisha inatulia. Archimedes, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alilieleza hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jaribu kwa kizibo cha soda: kiweke majini kama kibakuli, kitaelea. Kigonge kwa nyundo kijikunje, kirudishe. Chuma ni kilekile, lakini sasa kinakwenda chini.

*Kuna jiwe linaloelea? (Tukuyu)*

Lipo, na kwenu mna bahati, Rungwe ni mlima wa volkano. Tafuta jiwe jepesi lenye vitundu kama mkate. Huelea mpaka maji yaingie vitunduni.

*"Elea" na "elewa" ni ndugu? (Iringa)*

Ni ndugu wa damu. Tunasema "somo limenielea", yaani limekuwa wazi kwangu, nami nimelielewa. Napenda kuliwaza kama kitu kilichotoka kilindini kikaja juu, ukakiona.

Upande wa pili, jua huzama, mtu huzama kwenye mawazo, na gari la mkaa hudidimia kwenye tope taratibu. Lakini msichanganye kuzama na kuzamia, kwani anayezamia amekusudia. Ukiwa ufukweni Matema ukasikia "mwenzetu amezama", piga yowe watu waje na mtumbwi. Wakisema "amezamia", tazama majini uone atakapoibukia.