Maswali na Majibu: Kerneli inavyoisimamisha programu ili tuichunguze

Maswali ya safari hii yameelekea upande mmoja. Wasomaji wengi hutumia kitatuzi, kama vile gdb, kila siku kutafuta kasoro katika programu zao, na sasa wanataka kujua kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inafanya nini chini ya pazia. Nimejibu kwa kufuata kompyuta zenye prosesa za x86, kwa kuwa ndizo walizoziulizia takriban wote.

Nikiweka kituo kwenye mstari fulani kwa gdb, programu hujuaje kwamba inapaswa kusimama hapo? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Morogoro)

Programu haijui lolote, na hapo ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Kitatuzi hutafuta anwani ya agizo linaloanzisha mstari huo, huinakili baiti iliyopo na kuiweka akiba, kisha huiomba kerneli, kwa wito wa mfumo uitwao ptrace, iandike mahali pake baiti moja tu: 0xCC. Kwa prosesa baiti hiyo ni agizo kamili, int3, lenye maana ya kwamba ikifika hapo iiache programu na kuingia katika kerneli. Kerneli huandaa ishara ya SIGTRAP, lakini kwa kuwa mchakato (yaani programu inayoendeshwa) unafuatiliwa, ishara hiyo haiufikii; mchakato hugandishwa palepale, na kitatuzi, ambacho muda wote kilikuwa kimelala kikisubiri habari, huamshwa.

Kuendelea kuna kazi zaidi kuliko kusimama. Kufikia hapo rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) inayoonyesha agizo linalofuata imekwisha kuvuka ile baiti, kwa hiyo kitatuzi huirudisha nyuma kwa 1, hurejesha baiti ya asili, na huiomba kerneli iwashe biti namba 8 ya rejista ya bendera ili prosesa itekeleze agizo moja tu na kusimama tena. Baada ya hatua hiyo moja, 0xCC huandikwa upya na programu huachiwa iende zake. Haya yote hufanyika kila unapobonyeza c, amri ya kuendelea.

Urefu wa baiti moja haukuchaguliwa ovyo. Maagizo ya x86 huwa na urefu wa kuanzia baiti 1 hadi 15, na kama agizo la kusimamisha lingekuwa na baiti mbili, kuliweka juu ya agizo la baiti moja kungeharibu agizo la jirani, ambalo huenda sehemu nyingine ya programu ikalirukia moja kwa moja. Aidha, usihofu kwamba faili lako kwenye diski limeguswa: kerneli huupa mchakato huo nakala yake binafsi ya ukurasa wa kumbukumbu unaoandikwa, na michakato mingine inayotumia msimbo uleule haioni badiliko lolote.

Kuna thamani inayobadilika yenyewe katika programu yangu na sijui ni nani anayeibadilisha. Kituo nikiweke wapi? (Mhandisi, Mombasa)

Usiweke kituo kwenye msimbo. Weka ulinzi kwenye thamani yenyewe, kwa amri ya watch. Prosesa ya x86 ina rejista nne, DR0 hadi DR3, ambazo kila moja hushika anwani moja ya kulindwa, pamoja na DR7 inayoeleza kama kinacholindwa ni kuandikwa tu au hata kusomwa, na kwa upana wa baiti 1, 2, 4 au 8. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuzigusa rejista hizi, kwa hiyo ni kerneli inayoziandika kwa niaba ya kitatuzi na kuzibadilisha kila zamu ya prosesa inapotoka kwenye uzi mmoja (mkondo wa utekelezaji ndani ya mchakato) kwenda mwingine.

Niliwahi kuhangaika siku mbili na kihesabu cha baiti 4 kilichokuwa kikigeuka sifuri bila sababu. Nilisoma kila mstari uliokitaja kwa jina, bila mafanikio. Nilipoweka ulinzi, programu ilisimama ndani ya kitanzi kilichokuwa kikifuta safu ya vipengele 16: kitanzi kiliendelea hadi namba 16 badala ya kukomea 15, na kihesabu changu ndicho kilichokaa jirani na mwisho wa safu. Jina lake halikutajwa popote katika kitanzi hicho, na kusoma pekee kusingenifikisha huko.

Zingatia kwamba prosesa husimama baada ya kuandika, si kabla, kwa hiyo mkosaji ni agizo lililotangulia lile unaloonyeshwa.

Programu ni yangu, nimeiendesha mwenyewe, lakini gdb ikitaka kujiunga nayo inakataliwa. Kwa nini? (Kampala)

Soma faili /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Likionyesha 1, mchakato unaweza kufuatiliwa na mzazi wake au wahenga wake tu, isipokuwa wenyewe umemtaja mwingine, au anayeomba ana mamlaka ya msimamizi. Naunga mkono kizuizi hiki kwa moyo wote, kwani bila hicho programu moja iliyovamiwa ingeweza kusoma nywila zilizomo katika kumbukumbu ya programu zako nyingine zote. Ianzishe programu ndani ya gdb, au tumia sudo. Usiandike 0 ukaisahau.

Naweza kutumia strace (chombo kinachoonyesha wito wa mfumo unaofanywa na programu) na gdb kwa pamoja kwenye mchakato mmoja? (Dodoma)

Hapana, kila uzi una mfuatiliaji mmoja tu. Mstari wa TracerPid katika faili la status la mchakato huo, chini ya /proc, utakuonyesha ni nani aliyeutangulia.

Je, kerneli yenyewe inaweza kusimamishwa? (Mtengenezaji wa viendeshi, Nairobi)

Inaweza, kwa kgdb, sehemu ya kerneli inayowezesha gdb kuichunguza, iliyoingizwa rasmi katika toleo 2.6.26 mwaka 2008. Ilichelewa kwa sababu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa ameeleza waziwazi, tangu mwaka 2000, kwamba hapendi vitatuzi na angependa watu waufikirie msimbo kwa kina zaidi. Naiheshimu hoja yake, lakini anayeandika kiendeshi cha kifaa kisicho na nyaraka hawezi kufikiria asichokiona.

Kerneli ikisimama, viini vyote vya prosesa husimama nayo, kwa hiyo kitatuzi hakiwezi kukaa ndani ya mashine hiyohiyo. Unahitaji mashine ya pili iliyounganishwa kwa waya wa siriali, au, kwa wepisi zaidi, mashine pepe ya QEMU. Iwashe kerneli kwa kuongeza kgdboc=ttyS0,115200 na nokaslr; ukiliacha hilo la pili, kerneli hujipangia anwani mpya kila inapowaka, na vituo vyako vitaangukia mahali pasipo penyewe. Kisha andika g katika /proc/sysrq-trigger, na mashine itaganda ikisubiri amri yako.