Breki za mkono uliotulia

Nimesikia watafiti hupima kwa sumaku jinsi ubongo unavyozuia mwendo. Kitu kisichotokea kinapimwaje?

Kwa kuangalia kinachotokea kinavyopungua. Koili, yaani waya uliozungushwa, yenye umbo la nane huwekwa juu ya kichwa, upande wa pili wa mkono unaopimwa. Umeme mkali hupita ndani yake kwa muda usiofika milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, nguvu ya sumaku ikapenya fuvu na kuamsha seli za neva zinazoongoza mwendo. Baada ya milisekunde 20 hivi, msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada unaruka, na elektrodi zilizobandikwa kwenye ngozi zinauchora mruko huo kama wimbi kwenye skrini.

Sasa tanguliza pigo dhaifu la sumaku, ambalo peke yake haliutikisi mkono, kisha milisekunde 2 au 3 baadaye lete pigo lenye nguvu. Wimbi linanywea, mara nyingi hata chini ya nusu! Pigo dhaifu limeziamsha seli zinazozuia, breki za ubongo, zile zinazotumia kemikali ya GABA. Mtafiti Kujirai na wenzake waliieleza njia hii mwaka 1993, miaka 8 baada ya Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, kuonyesha kwamba ubongo unaweza kuamshwa kwa sumaku bila kufungua fuvu. Na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara: tenganisha mapigo yaleyale kwa milisekunde 10 hadi 15, na wimbi linakua badala ya kunywea.

Ni kipimo hicho kimoja tu?

Kipo kingine, nacho huonekana kwa macho. Mtu hubana kitu kidogo kwa vidole, na skrini inajaa chenga za msuli unaofanya kazi. Pigo moja la sumaku linaleta wimbi kubwa, halafu mstari unanyooka kabisa, kimya, kwa milisekunde 100 hadi 300, ingawa mtu hajaacha kubana. Mwanzo wa kimya hicho huchangiwa na uti wa mgongo. Mwisho wake unatoka ubongoni.

Kinauma?

Wengi husikia kama kudonolewa, pamoja na mlio mkali unaohitaji vizibo vya masikio. Mwenye chuma au kifaa cha umeme kichwani, au aliyewahi kupata kifafa, lazima aseme mapema.

Baba ana dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Kipimo hiki kitathibitisha?

Pole kwa kuuguza. Hakitathibitisha. Ni kweli breki hizi hulegea kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, lakini hulegea pia katika distonia, ambapo misuli hujikaza bila hiari, na maradhi mengine ya neva, na hata watu wenye afya njema hutofautiana sana. Dawa nazo hubadilisha majibu: diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa mfano, huikaza breki. Ugonjwa wake utatambuliwa na daktari wa neva anayemchunguza. Akialikwa kwenye utafiti, aende na orodha ya dawa zake zote, pamoja na saa alizozimeza.