Kampuni ya pampu kutoka nje ianzie wapi Mbeya?

Kaka, umeuliza kama hao jamaa wa Denmark wanaotengeneza pampu wana soko huku Mbeya. Soko lipo. Mji unapanda milimani, maji lazima yasukumwe, na mradi wa kuleta maji ya Mto Kiwira mjini umeonyesha ukubwa wa mahitaji. Zabuni za umma hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo wajisajili humo mapema. Vijijini, mnunuzi wa kuongea naye ni RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini.

Ila waambie jambo moja kwa msisitizo: vipuri. Kijijini kwetu Rungwe pampu nzuri kabisa ya kigeni ilisimama miezi kwa sababu ya mpira mdogo wa kuzuia maji, unaoenea kiganjani. Fundi aliufunga kwa raba ya tairi, ukapasuka siku ya tatu. Mama zetu wakarudi mtoni na ndoo. Waweke duka la vipuri hapa mjini Mbeya, Mwanjelwa au Soweto, na wafundishe mafundi wetu.

Wakitaka kuingia pia kwenye usafi, taka ngumu ni za halmashauri, huko malipo huchelewa. Kwa upande huo wa usafi, mimi ningeanza na magari ya kunyonya vyoo. Nyumba nyingi hazijaungwa na bomba la majitaka.